Waliuliza gharama, wakataka machozi

Ijumaa iliyopita, saa tano kasoro usiku, uliingia ujumbe kutoka kwa binti wa dada yangu, aliyeanza mwaka wa kwanza hapa Dar: “Shikamoo mama mdogo. Sijapita.” Nilimpigia hapo hapo. Hakuwa analia. Alikuwa na ile sauti ya mtu aliyekwisha kulia mchana, akanawa uso, akaenda kufua.

Shindano lenyewe mnalijua, na kama si hilo basi mnajua mwenzake. Mwanafunzi anarekodi video ya dakika tatu kwa simu, anaeleza chuo kinamgharimu nini, anaipandisha mtandaoni, na atakayegusa watu zaidi, kwa kura za laiki, analipiwa ada ya mwaka mzima. Waandaaji siwataji. Wako wengi wanaofanya hivyo hivyo, na ninachotaka kusema kinawahusu wote.

Kushindwa kwa mtoto wetu hakujaniuma sana. Mshindi ni mmoja na wengine lazima wabaki. Kilichoniuma ni simu aliyopigiwa wiki moja kabla ya matokeo.

Alikuwa ameingia kwenye kumi na tano bora. Dada mmoja mwenye sauti ya upole akampigia, akamwambia video yake ni nzuri, inaeleweka, ila haina hisia. Akamshauri aende nyumbani Korogwe mwisho wa wiki, amrekodi mama yake akiwa kazini. Dada yangu anachoma vitumbua alfajiri na kuuza karibu na stendi. Akiwa anapuliza moto itapendeza zaidi, akaambiwa, na wewe uzungumze huku yeye anaonekana. Ikiwezekana, onyesha na mnapolala.

Mnapolala.

Binti akajibu kwamba mama yake hakujiandikisha kwenye shindano. Akashukuru, akaaga. Habari ya kumi na tano bora ikaishia hapo.

Sasa niwaambie alichokuwa amepeleka, maana mimi nimeitazama ile video mara sita au saba. Haimwonyeshi uso. Inaonyesha kaunta buku la kwaya mbili, limefunguliwa juu ya godoro, na kidole chake kinashuka mstari kwa mstari huku anasoma. Upande wa kushoto ameandika “Zilizoingia”, kulia “Zilizotoka”. Ni hesabu ya siku 23, tangu alipotua stendi na begi lake la shangazi kaja mpaka siku ambayo pesa ya kwanza ya mkopo, yaani bumu, iliingia. Chumba Kimara, watu watatu, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, fungu lake 120,000. Godoro 45,000. Ndoo, sufuria na sahani 27,000. Bima ya afya 50,400. Kuprinti na kutoa fotokopi 31,500. Bando 15,000. Chakula siku zote 23, kwa shilingi 3,000 kwa siku, 69,000. Daladala kwenda na kurudi siku 17 za vipindi, 20,400. Kidole kinafika chini, anasoma jumla: 378,300. Anasema, “Hizi ni za kabla sijasaini bumu la kwanza,” kisha anafunga daftari. Dakika mbili na sekunde arobaini.

Anayesema video hiyo haina hisia, mimi sijui anatafuta hisia gani. Chakula shilingi 3,000 kwa siku, Dar es Salaam! Wali maharage ni 2,000 kwa mama ntilie wa bei poa. Maana yake mtoto alikuwa anakula mlo mmoja wa kueleweka, na hiyo 1,000 inayobaki ni chai na chapati, au hakuna chai. Haya yote yamo kwenye daftari kwa yeyote anayejua kutoa na kugawanya. Hakuhitaji kupigiwa muziki wa kinanda kwa nyuma.

Hapa ndipo penye ugomvi wangu na mashindano haya. Ukimuuliza mtu chuo kinakugharimu kiasi gani, akakupa hesabu, basi kila mstari wa hesabu ile una mtu wa kuuliziwa. Kodi ya miezi sita kwa mkupuo: kwa nini mwanafunzi atoe miezi sita mbele wakati pesa yake inakuja kwa awamu? Fotokopi 31,500: ni nani aliyeamua kwamba nukuu za kozi zipatikane kwenye duka la steshenari peke yake? Siku 23: pengo hilo linajulikana kila mwaka, kwa hiyo nani amepangiwa kazi ya kuliziba? Namba inakwenda kugonga mlango wa mtu. Lakini ukichukua mtoto yule yule, ukamweka mbele ya jiko la kuni la mama yake, moshi ukapita, akafuta jicho, hakuna mlango unaogongwa. Watu milioni wataandika “pole sana mdogo wangu, Mungu atakufungulia”, na baada ya hapo hakuna ofisi wala mtu mzima yeyote anayedaiwa jibu. Umaskini wa nyumba moja umekuwa maelezo ya kila kitu. Godoro, kodi na siku 23 vimepotea, limebaki jiko.

Na yule mama je? Dada yangu anajivunia kazi yake. Anaamka saa tisa usiku, mchele ameshauloweka tangu jana yake, hamira na iliki anapima kwa kijiko kile kile miaka yote, na saa moja kamili asubuhi beseni limebaki mafuta tu. Amesomesha watoto watatu kwa beseni lile. Leo aonyeshwe nchi nzima kama kielelezo cha dhiki, na video ibaki mtandaoni hata siku binti yake atakapokuwa anaomba kazi, anachumbiwa, analea wajukuu. Kwetu tulifundishwa kusitiriana. Hakuna ada ya mwaka mmoja inayolipa stara ya mtu.

Nayasema haya nikiwa nimeyaonja. Nilianza chuo mwaka 2007, Bodi ya Mikopo ikiwa bado changa, maana sheria yake ni ya 2004 na kazi ilianza 2005. Mwaka wangu wa pili wafadhili fulani walinilipia kiasi kilichobaki cha ada, nikawashukuru na ninawashukuru mpaka leo. Lakini kulikuwa na hafla. Tulipangwa mstari mbele, tukakabidhiwa mfano wa hundi wa kadibodi, na kila mmoja wetu akatajwa jina na sababu ya kusaidiwa. Yangu ilisomwa kwa kipaza sauti: baba amefariki, mama hana kipato. Mwaka mzima uliofuata sikuwa na jina darasani, nilikuwa “yule wa hundi”. Na wakati ule hakukuwa na simu za kurekodi kila mkononi. Hawa wa leo wanarekodiwa.

Kuhusu kura za laiki nitasema moja tu: mwenye bando la mwezi na marafiki mia tano mjini hashindani na mtoto anayeweka bando la siku.

Najua nitaambiwa kuna mtoto ameshinda na ada yake imelipwa. Ni kweli, na simnyang'anyi furaha yake. Ningekuwa mama yake ningepiga vigelegele barabarani. Najua pia kwamba bila mashindano haya wengine wasingepata hata nafasi ya kusikika. Nalikubali hilo, ingawa linanikaba kooni, kwa sababu linamaanisha tumefika mahali ambapo mtoto anasikika akiwa ndani ya shindano tu.

Wala tusidhani ni ushamba wetu. Marekani, ambako wanafunzi na wahitimu wanadaiwa na serikali yao zaidi ya dola trilioni 1.6, kampuni ya soda ya Dr Pepper ina shindano linalojulikana sana. Vijana wanatuma video kueleza ndoto zao na ada inavyowabana, wanaochaguliwa wanapelekwa uwanjani wakati wa mapumziko ya mechi kubwa ya futiboli yao, na wanashindana kurusha mipira ndani ya kopo kubwa la soda lenye tundu. Sekunde 30, na mshindi anaondoka na dola 100,000 za masomo. Desemba 2023 vijana wawili walifungana, wakarudia, wakafungana tena, akatangazwa mshindi mmoja, mashabiki wakaja juu. Mwishowe kampuni ikatangaza kwamba wote wawili wapewe 100,000. Niliposoma habari ile nilikaa kimya muda mrefu. Pesa ya yule wa pili ilikuwepo siku zote. Ilikuwa inasubiri akose au apate kutumbukiza mpira.

Turudi kwetu. Posho ya chakula na malazi, yaani bumu, ilipandishwa kuwa 8,500 kwa siku mwaka 2015, ikakaa hapo hapo mpaka ilipofikishwa 10,000 mwaka wa masomo 2022/23. Miaka saba! Ndani ya miaka saba hiyo, mafuta ya kula, mchele, kodi ya chumba na nauli vilikaa wapi? Na hiyo 10,000 ni ya yule aliyepangiwa kamili. Mwenye kupangiwa pungufu anatafuta pengine. Wanafunzi wenyewe wana neno lao, “kubebana”: watu wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, mmoja ana haki ya chumba, mwenzake anaingia usiku kwa kunyata. Hostel zile za Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa 2017 zilichukua wanafunzi 3,840, na nilifurahi kweli kweli, lakini vyuo vinaongeza udahili kila mwaka na vitanda haviongezeki kwa mwendo huo.

Elimu bila ada ilipoanza 2016 kwa shule za msingi na sekondari, na ilipofika kidato cha tano na sita mwaka 2022, wazazi kama dada yangu walipumua. Ndiyo maana mwaka wa kwanza wa chuo unawapiga kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Miaka sita ada imeondolewa, ghafla kuna ada, kuna bima, kuna kodi, kuna godoro, na vyote vinadaiwa mwezi mmoja. Marehemu baba yetu mkubwa alisoma Mlimani miaka ya sabini. Alitusimulia alivyokuwa anapewa hati ya kusafiria treni kwenda na kurudi likizo, akifika chuoni anakuta kitanda kimetandikwa. Kisha ikaja sera ya kuchangia gharama, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na hatukuwahi kukaa chini kama taifa tukaandika mstari kwa mstari: mzazi anachangia nini, kwa kiasi gani, tarehe ngapi. Daftari la binti yetu limefanya kazi hiyo kwa siku 23.

Mkopo nauheshimu. Mimi nimeulipa wote. Nilianza kukatwa kidogo, sheria ilipobadilishwa 2016 nikakatwa asilimia 15 ya mshahara, na nyongeza ile ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya deni ilipofutwa 2021 nilisema alhamdulillahi kwa sauti. Siombi watoto wetu wapewe bure kila kitu. Naomba wanaotaka kujua gharama za chuo waulize gharama, wasikilize jibu likiwa na tarakimu, na pesa ya zawadi wampe aliyejibu swali. Wakitaka kweli kusaidia, wakusanye madaftari mia moja ya namna ile kutoka vyuo mbalimbali, wayapeleke Dodoma kabla ya bajeti.

Jumapili nilimtumia dada yangu ile video, kwa sababu binti alikuwa hajamwonyesha. Nilihofia ataumia. Akaitazama, akarudia, akanipigia.

“Mwambie ameacha nauli ya basi,” akasema. “Elfu kumi na saba. Ile alitoa mjomba wake, lazima iandikwe.”

Nikampa binti ujumbe. Jioni akanitumia picha ya ukurasa: jumla ya zamani imekatwa kwa rula, chini yake ameandika mstari mpya, nauli Korogwe–Dar, 17,000, na pembeni kwa herufi ndogo, “mjomba”. Jumla 395,300.