Bursi za viongozi wa kilimo: achaguliwe nani, na arudi wapi?

Kila mwaka, mvua za Septemba zikianza, vijana wa Bukavu waliosoma agronomia huanza kutumiana kwa WhatsApp matangazo ya bursi za uongozi. Hizi si bursi za kutafuta digrii. Ni programu za wiki au miezi kadhaa zinazomchukua mtu aliye kazini tayari, zikamfunza kuongoza wenzake, kuwakabili wakubwa kwa hoja na kutafuta pesa, kisha zikamrudisha kwao. Mandela Washington ya Marekani ilipoanza mwaka 2014 iliwapeleka vijana wa Afrika kwenye vyuo vikuu vya huko kwa wiki sita, watu wa kilimo wakiwemo. AWARD yenye makao Nairobi imekuwa ikiwashika wanawake watafiti wa kilimo tangu 2008: kila mmoja hupewa mlezi aliyemtangulia, naye hudaiwa amlee mdogo wake. CALA, programu ya AGRA, shirika la kuinua kilimo cha Afrika, ilianza 2021 kwa kozi ya miezi 16 na nchi nane, Rwanda, Uganda na Tanzania zikiwa ndani. Kongo haikuwemo.

Basi sisi wa upande huu wa mto Ruzizi, upande wa Kongo, tunazitamani na kuzinung'unikia kwa pamoja. Kuna wanaosema ndizo zitakazoinua mashamba ya Kabare na Walungu. Kuna wanaosema ni mtego wa kuwachota watoto wetu wenye akili na kuwapanga kwenye ofisi za ONG, mashirika yasiyo ya serikali. Kila upande una la kusema, ingawa mzani wangu haujakaa sawasawa.

Nianze na wanaozitetea. Ushahidi wangu ni migomba.

Mnyauko wa migomba ulionekana Kongo kwa mara ya kwanza huko Masisi mwaka 2001, ukateremka hadi huku kwetu. Anayeujua haulizi mara mbili: majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya siku zake, ukizikata ndani ni kahawia, na shina likikatwa linatoa ute wa manjano. Ni bakteria. Dawa ya kupuliza haina. Kwa familia ya Kabare hiyo si hasara ya tunda tu, maana mgomba ni chakula, ni kasiksi, pombe ya ndizi, ya kuuza, ni karo ya mtoto, na ni kivuli cha maharage.

Namna ya kuuzuia inajulikana. Unavunja ua la dume kwa mti wenye panda, usilikate kwa panga, kwa sababu wadudu hutoa ugonjwa kwenye ua moja wakaupeleka kwenye lingine. Shina lililougua unalikata chini kabisa. Panga unalipitisha kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Zamani wataalamu waliagiza shina moja likiugua ung'oe kichaka kizima, na watu wakakataa, nao walikuwa na haki: nani ang'oe chakula cha mwaka mzima kwa mikono yake? Baadaye watafiti, hapa Kivu pia, wakaona kwamba kukata lile shina gonjwa peke yake, bila kuchoka, kunapunguza ugonjwa hadi shamba likarudi kuzaa.

Sasa tatizo liko wapi? Liko kwa jirani. Ukikata wewe na yeye asikate, wadudu hawajui mpaka wa shamba. Lazima kilima kizima kikate, wiki baada ya wiki, na panga la kuazimana lipite motoni kila mara. Agronomia yake ni ya kufundishwa asubuhi moja. Kinachobaki ni nani atawaita watu wa nyumba 60, wenye ugomvi wa mipaka na deni za zamani, wafanye kitu kimoja kwa pamoja. Mtu huyo hapatikani maabara. Anayesema bursi ya uongozi ni anasa aje anionyeshe kilima ambacho mnyauko umekoma bila mtu wa namna hiyo.

Historia nayo iko upande wao. Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi yao ya utafiti wa kilimo Kongo, mwaka 1933, nayo ikawa na kituo Mulungu, hapo Kabare, ambacho leo ni cha INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo yenyewe. Walichunguza kahawa, kinini, maharage, udongo. Sayansi ilikuwepo, na nzito. Lakini Mkongo aliachiwa kazi ya kushika jembe na kuandika vipimo. Ya kuamua hakuachiwa. Mwaka 1960 walipoondoka, vitabu vilibaki kwenye makabati. Upungufu wa watu wa kuamua hatukuupata jana.

Haya, tugeuze.

Rafiki yangu mmoja wa Walungu alipata bursi ya namna hiyo, nchi na programu nisizitaje. Alirudi anang'aa, na cheti, na mpango wa kurasa 20 juu ya kahawa. Akaenda kwao. Shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kwa ndugu watano. Huku Bushi, nchi ya Washi, ardhi ya kukaa nayo ni kalinzi: unatoa heshima kwa chifu na inakuwa ya ukoo wako, na kwa desturi ni jambo la wanaume. Asiye na kalinzi anachukua bwasa, yaani anakodi kwa msimu, na mwenye bwasa haruhusiwi kupanda mti wa kudumu. Mgomba hapana. Kahawa hapana. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa dola, lakini jaribu kwenda na sheria hiyo mbele ya mwenye kilima. Mzee mmoja alimsikiliza rafiki yangu hadi mwisho, kwa adabu, akauliza: "Wewe ni mwana ya nani?" Mpango wa kurasa 20 ukaishia hapo. Leo yuko Kinshasa, anaandika ripoti juu ya kilimo cha Kivu, na anaziandika vizuri.

Simlaumu. Angerudi kwenye kiti gani? Agronomu wa serikali kijijini hana pikipiki, na mshahara wake unakuja ukitaka wenyewe. Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo mwaka 2003 kwamba asilimia 10 ya bajeti itakwenda kwenye kilimo. Mtu wa Nyangezi akikuuliza iko wapi, utamwonyesha nini? Unamnoa mtu kisu, halafu jikoni hakuna nyama.

Halafu kuna suala la muda. Wiki sita haitoshi hata haragwe kukomaa, maana maharage mafupi yanataka miezi mitatu hivi. Muhogo unataka mwaka au zaidi, kahawa miaka mitatu au minne ndipo uione. Kwetu kuna msimu wa Septemba, msimu wa Februari, na ule wa mabondeni kuanzia Juni. Programu isiyopita misimu hiyo yote inafunza uongozi wa hoteli. Na lugha? Fomu nyingi ni za Kiingereza. Mwenye kuongoza kilima anaongea Mashi na Kiswahili, Kifaransa kidogo.

Wengi wanamalizia hapa kwa kusema: basi ushirika wenyewe uchague nani aende. Mimi sikubali haraka hivyo. Nimekaa kwenye mikutano ya vyama ambako mwenyekiti ni yuleyule tangu nikiwa sekondari, katibu ni shemeji yake, na jina la "kijana wa kupelekwa formasio", yaani mafunzo, linajulikana kabla kikao hakijafunguliwa. Msichana aliyeolewa kutoka kilima kingine hawezi kutajwa pale. Fomu ya mbali, yenye Kiingereza chake chote, imewahi kumfungulia mlango mtu ambaye wazee wake wasingemfungulia. Uchaguzi wa nje una dhuluma yake, na wa ndani pia.

Ninapoegemea mimi ni kwenye kitu ambacho akina mama wa huku wanakijua tayari. MUSO, vikundi vyao vya kuweka akiba na kukopeshana, zina makasha. La kijani ni la akiba na mikopo ya wanachama. Jekundu ni la msiba na ugonjwa. La buluu ni la pesa inayotoka nje, nalo linakaa peke yake. Utaratibu ni kwamba la kijani litembee kwanza, watu wakopeshane na kurudishiana kwa jasho lao, ndipo la buluu lianze kupokea. Benki zilipofunga Bukavu mwaka 2025, baada ya waasi wa M23 kuingia mji mwezi wa pili, nidhamu hiyo ya kukopeshana haikungoja dirisha la benki lifunguliwe. Mwaka huohuo Marekani ilivunja USAID, shirika lake la misaada, na wengi tukajifunza pesa ya nje inavyoweza kukauka mara moja.

Bursi ni kasha la buluu. Impate mtu ambaye la kijani lake limeshatembea: aliyeshika hesabu ya wenzake misimu kadhaa bila kelele, awe mama wa bondeni au kijana wa Kalambo. Swali la kumuuliza lisiwe ndoto yake ya miaka kumi. Aulizwe nani walimkopesha, na kama aliwalipa. Hiyo inampita mwenyekiti wa milele, kwa sababu daftari la MUSO halijali shemeji ya nani. Na bursi imfuate shambani mwaka mzima, na sehemu ya pesa iwe ya kukodi ardhi kwa miaka, kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya chifu. Bila hiyo karatasi nisingetoa hata tiketi ya boti ya kisiwa cha Idjwi.

Mwaka jana nilimsaidia mama mmoja wa bondeni, mweka hazina wa MUSO kwa muda mrefu, kujaza fomu ya programu fulani. Nilikuwa namtafsiria. Tulifika penye "eleza uzoefu wako wa uongozi kwa maneno 300." Alifikiri, akauliza aeleze wa mwaka gani, ule wa mnyauko au ule wa mafuriko. Nikamwambia yote miwili. Akaeleza kwa saa nzima, mimi naandika hadi mkono ukauma. Ukurasa wa mwisho ulitaka barua pepe, na bila hiyo fomu haikukubali kuondoka.