Mlango wa nakshi si kiko

Mwenye nyumba Mji Mkongwe akitaka kuvua matabaka ya rangi kwenye mlango wa kale, ana njia mbili kubwa: patasi na msasa wa mkono, au kompresa ya kurusha mchanga. Hii ya pili inatamanisha. Kona za nakshi zisizofikiwa na msasa husafika upesi, na michirizi ya msaji huchomoza.

Wanaoitetea wanaweza kutaja viko vya tumbaku, na wana haki. Mwaka 1917 Alfred Dunhill wa London aliomba hataza ya kupiga mchanga viko vya mbao ya briari. Sehemu laini ya mti huliwa, ngumu husimama, na kiko hubaki na matuta yanayofuata jinsi mti ulivyokua. Vijitundu vyenye dosari navyo humezwa humo humo. Sina ugomvi na hilo. Kiko kabla ya mchanga ni mbao iliyosuguliwa tu. Hakuna kazi ya nakshi inayofutika.

Mlango ni habari nyingine. Sogea uangalie kizingiti cha juu kilichochongwa aya: kila herufi ina ukingo mkali ulioachwa na patasi, na nukta zake ni vipande vidogo mno vya mbao. Mchanga haujui rangi imeishia wapi na mbao imeanzia wapi. Ukipita kwa nguvu, ukingo unakuwa butu na nukta inaweza kwenda. Njumu za shaba hutoka na madoa ya ndui. Na fundi akichota mchanga wa pwani, chumvi hubaki kwenye mbao ikivuta unyevu, kana kwamba Unguja tuna upungufu wa unyevu!

Kuna na mapafu ya fundi. Vumbi la mchanga wenye silika huyaharibu moja kwa moja, na kitambaa cha kujifunga puani hakisaidii kitu. Lakini tuseme kweli: msasa nao hutimua vumbi, na rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Barakoa ya maana inahitajika kote kuwili.

Kwa meza za mbao za majahazi yaliyovunjwa, kompresa ruksa. Hata kwenye ubao bapa wa mlango naikubali, kwa upepo mdogo na njumu zikiwa zimefunikwa. Nakshi ifanywe kwa mkono, na fundi alipwe siku zake zote. Mteja asiyeimudu gharama hiyo auache mlango na rangi yake mpaka apate.