Kadi ya Hazle iachwe kali, ila asicheze msimu mzima

Wanaocheza besiboli ya mezani, ile ya kadi na dadu ambapo kila kadi inabeba takwimu za mchezaji halisi za msimu fulani, hawaachi kubishana kuhusu hili: mtu kacheza mechi chache tu akafanya maajabu, je kadi yake iandikwe vile alivyofanya au ipunguzwe makali?

Mchukue Bob Hazle wa Milwaukee Braves. 1957 kaitwa msimu ushaanza, kacheza mechi 41, hiti 54 (mipigo iliyomfikisha besi salama) kwenye zamu 134 za kupiga, wastani .403, yaani hiti kama 40 kwa kila zamu 100, mpaka wakamwita Kimbunga, na Braves wakabeba ubingwa mwaka huohuo. 1958 akauzwa Detroit na ndo ikawa mwisho wake ligi kuu. Timu hiyohiyo ilikuwa na Hank Aaron aliyepiga .322 na homu rani 44 (mipigo ya kuzunguka besi zote), sasa ukifuata namba tupu kadi ya Hazle inampita Aaron kwa wastani, tena mbali.

Halafu angalia hesabu ya Strat-O-Matic, mmojawapo wa michezo hiyo ya kadi. Dadu ya kwanza ikitoka 1 mpaka 3 unasoma kadi ya mpigaji, 4 mpaka 6 unasoma ya mrushaji. Yaani nusu ya matokeo hayako mikononi mwa Hazle kabisa, kwahiyo tuseme upande wa mrushaji wa kawaida unatoa kama .260, basi ili jumla ifike .403 kadi ya Hazle peke yake inabidi itoe karibu .546! Mpe zamu 550 na kadi hiyo utapata hiti zaidi ya 220. Hapo wanaotaka ipunguzwe nawaelewa vizuri sana, maana zamu 134 ni chache mno kukwambia mtu ana uwezo gani kweli.

Ila mi siko upande wao. Kadi haisemi Hazle alikuwa na kipaji kiasi gani, inasema 1957 alifanya nini, na alifanya. Ukianza kupunguza wa Hazle utasimamia wapi, maana kila kadi ina bahati ndani yake, hata ya Aaron. Tatizo ni matumizi. Weka sheria kwamba mtu asipewe zamu nyingi kuliko alizopata kweli, na ligi nyingi zinafanya hivyo, ugomvi unakwisha.

Ngumu zaidi ni Herb Washington wa Oakland, mwanariadha wa mbio fupi. 1974 kacheza mechi 92, kaiba besi 29 (yaani kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa), hajapiga hata mara moja. Hapo kadi ya kupiga utaiandika nini? Mi nasema aachiwe kukimbia tu, na hatari yake iwepo pia kwa sababu alikamatwa akiiba mara 16, na kwenye fainali mechi ya pili, Oakland wako nyuma 3-2 na inning ya tisa, mrushaji wa wapinzani, Mike Marshall, alimnasa besi ya kwanza akatolewa. Kadi isiyo na hatari hiyo ni uongo.

Na John Paciorek wa Houston, miaka 18, mechi moja tu maishani, Septemba 1963: zamu tatu hiti tatu, na mara mbili akapewa besi bure. Mgongo ukamharibia, hakurudi tena. Wastani 1.000. Mtengenezee kadi hiyohiyo bila kugusa kitu, asimame mara zake tano, kisha arudi benchi.