Mchezaji wa blitzi hahitaji kasi zaidi

Mchezaji mwenye pointi 2300 za blitzi, chesi ya dakika chache tu, kwenye tovuti ya Lichess akifika klabuni kwa mara ya kwanza, hakosi kuambiwa kwamba anabahatisha, kwamba anashinda kwa saa tu, na kwamba chesi ya kweli ni ile ya kukaa mezani saa nne. Mimi sikubaliani na maneno hayo hata kidogo. Hakuna anayefika 2300 kwa kubahatisha. Mtu huyo ana uwezo halisi, na ushauri wowote wa mazoezi usioanza kwa kuuhesabu uwezo huo utampotezea muda.

Kwanza, ana maumbo kichwani. Farasi akiruka mraba wa c7 na kugusa mfalme na ngome kwa pamoja, anaona kabla hajafikiri. Mstari wa nyuma ukiwa hauna mlinzi, anaona. Askofu akiweza kujitoa h7 ili malkia na farasi waingie, anaona pia, na mara nyingi anajua kama itafaa au la. Pili, anaamua. Wapo wachezaji wa mechi ndefu wanaojua mengi kumzidi lakini hukaa dakika kumi na mbili juu ya hatua mbili zinazolingana. Yeye huchagua moja na kuendelea. Tatu, na hili halisifiwi vya kutosha, anajua kumsumbua mpinzani akiwa ameshashindwa. Anaacha kete nyingi ubaoni, anakataa mabadilishano, anamwekea mwenzake swali jipya kila zamu. Hiyo ni kazi ya ulinzi, na walimu wengi hawajui kuifundisha.

Walio juu kabisa wanathibitisha kwamba kasi na kina havipingani. Mashindano ya Speed Chess Championship ya tovuti ya Chess.com yamezoeleka kwa mtindo wa dakika 90 za michezo ya 5+1 (dakika tano kwa kila mchezaji na sekunde moja ya nyongeza kwa kila hatua), dakika 60 za 3+1 na dakika 30 za 1+1. Magnus Carlsen aliyatwaa 2016, 2017, 2023 na 2024. Hikaru Nakamura akayatwaa mfululizo kuanzia 2018 hadi 2022. Wote wawili ni miongoni mwa wachezaji bora wa dunia katika mechi ndefu. Mkono wao ni mwepesi kwa sababu kazi kubwa ya kuelewa ilishafanyika zamani, polepole.

Basi kinachomkwamisha mtu wetu wa 2300 ni nini? Fungua mchezo wowote alioshindwa, nenda kwenye uchambuzi, kisha tazama grafu ya muda wa kila hatua. Mara nyingi utakuta mstari uliolala: sekunde tatu, nne, tatu, tatu, nne. Ametumia muda ule ule kurudisha kete iliyoliwa, jambo lisilo na uchaguzi, na kusukuma askari wa safu ya f aliyefungua njia ya kumfikia mfalme wake. Kasi anayo. Anachokosa ni kujua ni wapi asimame. Ndiyo maana naona mazoezi yake yote yaelekezwe hapo.

Tuanze na hesabu ya saa. Katika 3+0, mchezo wa hatua 40 unakupa wastani wa sekunde 4.5 kwa hatua. Wastani huo unadanganya, kwa sababu unakufanya ugawe muda sawasawa. Mgawo ninaoupendekeza ni huu: hatua kumi za kwanza zisizidi sekunde 20, yaani uwe na 2:40. Ukifika hatua ya 20 uwe na 1:40 au karibu na hapo, na ya 30 uwe na sekunde 55. Kati ya hatua ya 11 na ya 25 unajiruhusu kusimama mara moja kwa sekunde 20 hadi 25, mara mbili kama ufunguzi ulikwenda haraka. Hatua nyingine zote za kipindi hicho ni za sekunde mbili au tatu. Asiyesimama hata mara moja katika mchezo mzima hajaokoa muda, kwa kuwa atamaliza na sekunde 40 zisizo na kazi huku amepoteza malkia.

Wapi pa kusimama? Dalili ya kwanza ni hatua ya mpinzani ambayo hukuitarajia. Ukijibu papo hapo jambo ambalo hukuliona, unacheza mchezo uliokuwapo hatua moja nyuma. Nyingine ni askari wa katikati anapotaka kusukumwa au kula, kwa sababu askari harudi nyuma. Pia kuna kumwondolea mfalme wako ngao, na kukubali kubadilishana malkia.

Lakini dalili inayopotezea wachezaji wa blitzi pointi nyingi kuliko zote ni kubadilishana kete kubwa ya mwisho na kubaki na wafalme na askari. Hebu tuitazame kwa karibu. Weka mfalme mweupe e5, askari mweupe e4, mfalme mweusi e7. Kama zamu ni ya mweusi, mweupe anashinda: mfalme mweusi lazima apishe upande mmoja, mweupe anapita upande wa pili na askari anafika. Kama zamu ni ya mweupe, ni sare. Kete ni zile zile na miraba ni ile ile, tofauti ni zamu tu. Mtu anayebadilisha ngome ya mwisho kwa sekunde moja eti ana askari mmoja zaidi hajahesabu zamu itakuwa ya nani baada ya kubadilishana. Hapo ndipo sekunde 20 zinapaswa kwenda, hata kama zimebaki 30.

Sasa mazoezi yenyewe. Wachezaji wengi wa kasi wanapenda Puzzle Storm ya Lichess au Puzzle Rush ya Chess.com, mafumbo ya kutatua mbio dhidi ya saa, na wanaamini huko ndiko wanakojinoa. Kwa aliye chini ya 1600 nakubali, inampa maumbo. Kwa aliyefika 2300 ni kulisha tumbo lililoshiba. Anarudia kile anachokijua tayari, na mbaya zaidi, fumbo limeshamwambia kuna kitu cha kutafuta. Mchezoni hakuna anayekuambia. Aende kwenye Puzzle Streak, ambayo haina saa na inakua ngumu kadiri unavyoendelea, kosa moja unatoka. Sharti ni kuona mstari mzima hadi mwisho kabla ya kugusa kete, pamoja na jibu bora la mpinzani. Dakika 25 kwa siku zinatosha, ukizidisha macho yanachoka na unaanza kukisia.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote halihitaji programu ya kulipia. Chukua michezo yako mitano ya jana. Katika kila mmoja fungua nafasi tatu kati ya hatua ya 12 na ya 25, injini, yaani programu ya kuchambua, ikiwa imezimwa. Kwa kila nafasi sema neno moja tu: tulivu, au hatari. Andika. Kisha washa injini ya Stockfish uangalie tofauti kati ya hatua ya kwanza na ya pili inazopendekeza. Kama zinalingana, nafasi ilikuwa tulivu na hukupaswa kutumia muda. Kama hatua ya kwanza ni nzuri na ya pili inapoteza, ilikuwa hatari. Ukifanya hivi kwa wiki kadhaa utaanza kuhisi tofauti hiyo ukiwa mchezoni, saa ikikimbia. Marehemu Daniel Naroditsky, aliyekuwa miongoni mwa wakali wa blitzi na mwalimu wa kipekee, alikuwa akicheza huku akieleza kwa sauti kwa nini hatua fulani ni ya kucheza haraka na fulani ni ya kusimama. Kumsikiliza bado ni darasa.

Kuhusu primuvu, yaani kupanga hatua kabla mpinzani hajacheza: Lichess haikukati muda wowote na inakuruhusu kupanga moja tu, Chess.com inakata sehemu ya kumi ya sekunde na inaruhusu kupanga kadhaa. Ni silaha halali, ila itumike pale tu ambapo hatua yako ni nzuri kwa jibu lolote. Mtego wa kawaida ni huu. Mweupe anacheza d4, mweusi g6 na papo hapo anapanga askofu wake g7. Mweupe anamtupa askofu wake h6. Mweusi aliyeangalia angemla bure, lakini primuvu imeshampeleka askofu g7, mweupe anamla, na ngome iliyo h8 haina pa kukimbilia. Askofu na ngome zimekwenda kabla ya hatua ya tano. Katika buleti, chesi ya dakika moja (1+0), mtego huu unawanasa hata wenye majina.

Eneo la mwisho wa mchezo ndilo ambalo 3+0 inamharibia mtu. Anazoea kushinda kwa kuangusha saa ya mwenzake, kwa hiyo hajifunzi namna ya kumaliza. Ushauri wangu ni kuhamishia nusu ya michezo yako kwenye 3+2, muda ule ule unaotumika katika ubingwa wa dunia wa blitzi wa FIDE, shirikisho la chesi la dunia. Sekunde mbili za nyongeza zinatosha kwa anayejua njia, na hazimwokoi asiyeijua.

Mfano ni nafasi ya Lucena, ya ngome na askari dhidi ya ngome. Mweupe ana mfalme d8, askari d7, ngome f1. Mweusi ana mfalme g7 na ngome c2. Mweupe akimtoa mfalme e7 mara moja, cheki za ngome zinamkimbiza bila mwisho. Njia ni kupandisha ngome hadi f4 kwanza. Mweusi anasubiri, tuseme ngome c1. Sasa mfalme anatoka e7, cheki kutoka e1. Mfalme d6, cheki kutoka d1. Mfalme e6, cheki kutoka e1. Mfalme d5, cheki kutoka d1. Na ngome inahamia d4 kuziba. Cheki zimekwisha, askari anakuwa malkia. Weka nafasi hii kwenye kihariri cha ubao cha Lichess, ucheze dhidi ya kompyuta, hadi uimalize kwa sekunde mbili kwa hatua. Fanya hivyo pia na ulinzi wa Philidor, yaani ngome inayotafuta sare dhidi ya ngome na askari, na malkia dhidi ya askari aliyebakiza mraba mmoja: kumbuka kwamba askari wa a, c, f na h huwa wanaponea sare kama mfalme wa mwenye malkia yuko mbali.

Ufunguzi sitaukalia sana. Mmoja kwa weupe, mmoja dhidi ya e4, mmoja dhidi ya d4, ujue sababu ya kila hatua hadi ya nane. Funguzi za mitego zinapandisha reitingi kwa mwezi mmoja, kisha unakutana na watu wanaozijua.

Idadi ya michezo ni jambo la nidhamu. Kikao kimoja kisizidi michezo kumi, na ukipoteza mitatu mfululizo funga. Kisha kila wiki cheza angalau miwili ya 15+10, muda wa ubingwa wa dunia wa rapidi, kwa sababu huko ndiko utagundua kama hesabu zako zinapita hatua ya tatu.

Wanaocheza kwa bando la simu wasiiache buleti iwapime. Lichess hufidia sehemu ya ucheleweshaji wa mtandao, si wote, na ukigusa jina lako juu ya ukurasa utaona ucheleweshaji wako kwa milisekunde. Ukiwa unapanda na kushuka, cheza yenye nyongeza.

Na ukienda kwenye mashindano ya ubaoni, kuna mambo ambayo skrini haikukufundisha. Mtandaoni hatua haramu haiwezekani. Mezani inawezekana, na kwa sheria za FIDE za blitzi, ya kwanza inampa mpinzani dakika moja zaidi, ya pili unapoteza mchezo. Mfalme wako akiwa kwenye cheki, hakuna kitakachowaka rangi nyekundu. Ukigusa kete yako, unaichezesha. Saa inabonyezwa kwa mkono uleule uliosogeza kete. Na askari akifika mwisho, ukiweka ngome iliyopinduliwa juu chini, hiyo ni ngome, hata ukitamka malkia. Kama malkia wa ziada hayupo mezani, simamisha saa na umwite mwamuzi akuletee.