Blanketi Halipashi Betri Moto

Kuna jamaa kanitumia picha ya betri yake ya lithiamu: mablanketi mawili, sponji juu, mkanda pande zote, na yote hayo yamening'inizwa chini ya kempa (gari lake la kusafiria na kulala), nje kabisa, theluji inapopita. Anajivunia.

Ndugu yangu, blanketi linakupa joto wewe kwa sababu mwili wako wenyewe unatoa joto. Betri iliyokaa bila kazi haitoi kitu. Blanketi litaichelewesha tu kufika sifuri, na gari likilala siku tatu kwenye baridi, ndani na nje ni mamoja. Jua likichomoza, blanketi hilohilo linazuia joto lisiingie. Haya, nakubali shingo upande: ukiweka hita humo ndani, lina kazi.

Wauzaji nao! Juu ya boksi, kwa herufi nene: inafanya kazi hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Kweli, kutoa umeme. Kuchaji kumefichwa kwenye maandishi ya kuchungulia: mwisho nyuzi 0. Ukilazimisha chini ya hapo, lithiamu inashindwa kupenya kwenye grafiti (kaboni ya ndani ya betri inayopaswa kuipokea), inajipaka juu yake kama metali. Uwezo wa betri unaopotea hivyo haurudi tena, na metali ikizidi kuota inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani. Wala betri hailalamiki. Taa zinawaka, friji inanguruma, wewe unapiga mluzi. Ikiwa na BMS ya maana (saketi ya ndani inayoilinda betri), chaji inakatwa: jua kali juu ya paneli, skrini inasoma ampea 0.0.

Na kuipasha ni kazi ndogo! Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 (100Ah) ina kilo 12 hivi. Kuitoa nyuzi 5 chini ya sifuri hadi 5 juu kunataka kama wati-saa 35. Yenyewe ikijaa ina zaidi ya 1,200. Hata nusu ya joto ikipotea njiani, ni hasara gani hiyo? Hita bapa chini, bati la alumini katikati joto lisambae, swichi ya kuwasha kwenye 5 na kuzima kwenye 10. Kihisi kiguse betri, si hita.

Betri zinazojipasha zenyewe ni nzuri, ila bei zake zina kiburi. Bora zaidi ihamishie betri yako ndani, chini ya kitanda, unapolala na joto lako.

Na kama gari linalala majira yote ya baridi, achana na hita: kata paneli, iache na chaji nusu, nenda zako.