Ule utelezi ndani ya mtungi

Kama mtaani kwenu maji yanakuja siku mbili kwa wiki, unajua ile kitu naongelea. Unaingiza mkono kwa mtungi wa lita 20 unaguza pembeni, panateleza kama kambare. Hiyo ndo bayofilamu, bakteria wamejishikilia kwa plastiki wakajitengenezea ute wa kujificha, na wakiwa humo ndani dawa inawafikia kwa taabu, wanaweza vumilia antibayotiki hata mara 1,000 kuliko wenzao wanaoelea tu kwa maji. Leeuwenhoek, yule Mholanzi wa darubini, aliona kitu kama hicho 1684 kwa utando wa meno: siki iliua wale wa nje, wa ndani wakabaki hai.

Sasa watu wa majani, wale wanaosema dawa ya mitishamba inamaliza huo ute. Sidharau, shosho yangu alikuwa na mwarobaini nyuma ya nyumba na hatukuwahi kukosa kikombe kichungu. Na maabara kweli zimeona majani ya mwarobaini na ya mpera yakizuia ute kujengeka, mengine hata hayaui bakteria, yanavuruga tu zile kemikali wanatumia kuambiana "tumekuwa wengi, tujenge sasa". Hapo ndo mimi nafurahia, juu kama humuui humlazimishi sana kutafuta njia ya kuzoea dawa.

Lakini ni kwa visahani vya plastiki hiyo, vyenye vishimo 96, unapaka rangi ya zambarau inayoshika ute, unaosha, unapima imebaki ngapi. Kutoka hapo mpaka kwa mgonjwa ni mbali kama kutembea kwa miguu hadi Mombasa. Mjomba wangu alikuwa amewekwa mpira wa kutoa mkojo, na ute kama ule wa mtungi hujishikilia hapo pia, infeksheni ikawa inarudi rudi, mtu akamuuzia chupa ya majani sokoni akaacha tembe, wiki mbili baadaye tuko kasualti usiku. Majani yenyewe sikuyalaumu. Nani alijua yamechumwa lini, yamechemshwa ama yamelowekwa kwa spiriti, kipimo gani? Majani ya masika na ya kiangazi si kitu kimoja, hata shosho alijua hiyo.

Kwa hivyo watafiti wetu, tafadhali, wekeni hayo majani kwa mpira wa mkojo wenyewe, pamoja na antibayotiki, si badala yake, halafu mtuambie kipimo. Kwa sasa mtungi wangu nautia mchanga na maji kidogo, nautikisa mpaka mkono uchoke.