Kikundi cha promosheni: matangazo tu, au masomo?

Mwanafunzi wa Kassapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi hapa Kongo, anaweza kukosa kiti ukumbini, lakini hakosi kikundi cha WhatsApp cha promosheni yake, yaani wenzake wa mwaka mmoja wa masomo. Humo CP, kiongozi wa promosheni, hutupia ratiba, silabi (maandishi ya somo) na habari kwamba profesa haji leo. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, desturi hiyo ikaota mizizi.

Je, hiyo ni jumuiya ya kujifunza? Mwaka 2000 Garrison, Anderson na Archer wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitaja mambo matatu yanayohitajika: watu wajione wako na wenzao, wafikiri pamoja, na awepo wa kuongoza mafundisho. La kwanza tunalo tele: pongezi, rambirambi, maombi ya asubuhi. Hayo mengine ndiyo tabu.

Hata hivyo, tusivibeze vikundi hivi. Profesa hufundisha kwa Kifaransa; usiku mwanafunzi wa mtaa wa Katuba anatuma sauti ya dakika mbili, akieleza kwa Kiswahili kwa nini mtaji wa mwenye kampuni unaandikwa pamoja na madeni, upande wa kulia wa mizania. Aliyeona haya kuinua mkono mchana anathubutu kuuliza. Sauti inasimamishwa, inarudiwa mpaka ieleweke. Profesa harudii.

Upande wa pili, mega za intaneti zina bei, umeme unakatika, na asiye na simujanja anategemea hisani ya rafiki. TP, yaani kazi ya mazoezi, ya mmoja ikipigwa picha, asistenti anayemsaidia profesa atapokea kosa lile lile kutoka kila benchi.

Kinachoniudhi zaidi ni kufuli. Tangu 2018 WhatsApp inaruhusu viongozi wa kikundi peke yao kuandika, na ma-CP wengi wameling'ang'ania. Nawaelewa: tangazo la mtihani huzama chini ya stika na video za mahubiri kabla hujafumba jicho. Kikundi kimoja sasa hubeba hadi watu 1,024, na nani atajadiliana na umati huo? Basi kikubwa kifungwe, kibaki cha matangazo, na kila somo liwe na vikundi vya watu kumi hivi. Asistenti apite humo mara moja kwa wiki kusahihisha yanayoelezwa vibaya, maana sauti yenye kosa husambaa sawa na iliyo sahihi. Ila mega za kazi hiyo atanunua kwa mfuko wake, na hapo wa kuulizwa ni chuo, CP hana jibu.